Jinsi ya kumtambua nzi kimelea kwenye picha ulizopiga mlimani

Umepanda mlima, umefika kwenye maua ya juu au kileleni kabisa, umekaa kwenye jiwe kupumzika, mara anatua nzi mmoja mkubwa hivi, tumbo rangi ya chungwa, manyoya magumu yamemsimama mgongoni kama brashi, unampiga picha mbili tatu anaruka zake. Ukifika nyumbani unafungua picha unajiuliza sasa huyu ndo nani. Mie hii kazi ya kutambua nzi kwa picha nimeifanya miaka kadhaa na naipenda sana, na kama kuna kitu kimoja nataka ukishike ni hiki, jina la nzi unalipata kulekule mlimani wakati unabonyeza kamera. Nyumbani unasoma tu kile ambacho picha imebeba. Kama haikubeba ile sehemu ya mwili inayotofautisha huyu na yule, hata ukae na vitabu usiku kucha hutoki hapo.

Kwanza tuelewane tunamwongelea nzi gani, maana nzi vimelea sio familia moja. Wengi utakaowapata kwenye maua mlimani ni wa familia ya Tachinidae, hawa wana spishi zaidi ya 8,500 ambazo zimeshapewa majina na bado mpya zinaendelea kupatikana. Nzi aliyekomaa anakunywa nekta, hana shida na mtu, ila buu lake linakulia ndani ya mdudu mwingine, mara nyingi kiwavi, au mbawakawa, au wale kunguni wa mimea wanaonuka, wengine panzi. Linamla taratibu kwa ndani likimaliza yule mdudu aliyelibeba, ndo anaitwa mwenyeji, anakufa. Hapo ndo anapoachana na chawa au kupe, wao wananyonya na mwenyeji anaendelea na maisha yake. Mbali na Tachinidae wapo wanaoshika nyuki, wanaoshika buibui, wanaoishi kwenye kulungu na kondoo, nitawagusia mbele.

Sasa picha. Kosa ambalo karibu kila mtu analianza nalo, na mie nilianza nalo, ni kumpiga nzi kwa juu tu. Nakumbuka siku moja nilishuka mlimani na picha zaidi ya arobaini za nzi wa aina labda sita, zote safi zinang'aa, zote za mgongoni, na nilichoweza kutambua kwa uhakika ni mmoja tu. Iliniuma kwa sababu wale nzi walikuwa wametulia kabisa, ningeweza kuzunguka pembeni nikapata kila kitu. Kwa hiyo ukishapata ile ya juu ya kujihami, shuka chini, piga magoti au lala kabisa kifudifudi, umpige ubavuni lenzi ikiwa usawa wa kifua chake. Hii ya ubavuni ndo ya thamani kuliko zote. Halafu ya uso kwa mbele, halafu ya nyuma kwa pembe kidogo mabawa yakiwa yamefunguka. Nne hizo ukizipata umemaliza, ila ukipata mbili chagua ubavu na juu.

Asubuhi mapema kukiwa na baridi nzi wanakaa kwenye mawe yaliyopata jua wanajipasha moto, hapo ni wazito na unaweza kusogea karibu sana, jua likishapanda utakimbizana nao. Usiache kivuli chako kimpite, akiona kivuli tu kaondoka. Sogea polepole ukiwa umeinama, piga mfululizo sio moja moja, kwa sababu kwa umbali ule fokasi inashika sehemu nyembamba sana, ukipiga kumi utakuta moja imeshika macho, nyingine imeshika mguu, nyingine imeshika manyoya ya ubavu, ukiziweka pamoja unapata nzi mzima. Simu ya kawaida inatosha ukiwa na kale kalenzi ka makro ka kubana kwa nje. Zumu ya simu ile ya kuvuta kwa vidole achana nayo, inakuza ukungu tu. Na tafadhali usitie filta wala kubadilisha rangi, rangi ya mguu kuwa nyeusi au njano inaweza kuwa ndo jibu lenyewe.

Haya umefika nyumbani umefungua picha kwenye skrini kubwa. Usianze na rangi. Najua jicho linakimbilia rangi lakini rangi inadanganya, kuna spishi kibao za tumbo la chungwa lenye mstari mweusi na hazina undugu wa karibu hata kidogo. Anza na manyoya. Nzi wa Tachinidae wengi wana manyoya marefu magumu meusi, hasa tumboni, yamesimama kabisa kama miiba, ukimwona nzi ambaye tumbo lake kwa nyuma ni kama nungunungu mdogo basi uko kwenye njia sahihi. Hiyo ni dalili lakini sio ushahidi, maana wapo Tachinidae laini kabisa na wapo nzi wa familia nyingine wenye miiba.

Ushahidi uko mgongoni kwa nyuma. Angalia kifua cha nzi, mwishoni kabla ya tumbo kuna kipande cha pembetatu kama ngao ndogo, wataalamu wanakiita skutelumu. Chini ya hiyo ngao, ukimtazama kwa ubavu, nzi wa Tachinidae ana kinundu cha pili kimetuna, yaani unaona mavimbe mawili yamepandana, ngao juu na kinundu chini yake. Nzi wa mizoga na nzi wa nyumbani hawana hicho kinundu, au kipo kidogo sana kimelala bapa. Ndo maana nasema picha ya ubavu, kwa juu ngao inakifunika kinundu hukioni ng'o. Ukikiona kimetuna vizuri, na nzi ana umbo la kawaida la nzi, unaweza kusema Tachinidae bila kutetemeka.

Kuna na alama nyingine mbili za kusindikiza. Moja ni safu ya manyoya magumu ubavuni mwa kifua, imesimama wima juu kidogo ya pale mguu wa katikati na wa nyuma inapoanzia. Tachinidae wanayo, nzi wa mizoga wanayo, nzi wa nyama wanayo, nzi wa nyumbani hana. Kwa hiyo safu hii inamtoa nzi wa nyumbani na ndugu zake lakini haikufikishi mwisho. Ya pili ni bawa, kuna mshipa mrefu unapita katikati ya bawa na ukikaribia mwisho unapinda ghafla kama kiwiko kuelekea mbele kwenye ncha. Kwenye Tachinidae wengi kiwiko hicho kimekaza kweli. Mshipa ukienda moja kwa moja hadi ukingoni bila kupinda, kwa kawaida umeshika mtu wa familia nyingine kabisa. Ila nzi wa nyumbani naye mshipa wake unapinda, kwa hiyo usiamue kwa bawa peke yake, ziunganishe zote tatu.

Wanaochanganya watu zaidi ni wawili. Wa kwanza nzi wa nyama, Sarcophagidae, yule wa kijivu mwenye mistari mitatu myeusi kifuani na tumbo la madoadoa kama ubao wa drafti, ukimgeuza kwenye mwanga madoa yanahama, la jeusi linakuwa la kijivu na la kijivu linakuwa jeusi. Macho mara nyingi mekundu. Huyu kinundu hana. Na ukipata picha ya uso iliyokaza, angalia ule unywele mmoja mwembamba unaotoka kwenye kila papasio, kwa nzi wa nyama wengi una vinywele pembeni kama unyoya wa ndege angalau nusu ya urefu wake, kwa Tachinidae wengi ni mtupu. Ila ndani ya hao Sarcophagidae kuna kundi linalofuata nyuki na nyigu wanaochimba ardhini, utamwona nzi mdogo wa kijivu anaruka nyuma ya nyigu umbali uleule kama amefungwa kamba, anasubiri nyigu aingize chakula cha watoto wake kwenye shimo naye apenyeze mabuu yake humo. Hao unywele wao ni mtupu. Ukiona tabia hiyo iandike, inasaidia kuliko picha.

Wa pili ni nzi wa kijani na bluu, Calliphoridae, ndo walewale nzi wa mizoga niliowataja, wanaong'aa kama chuma. Watu wanasema kijani kinachong'aa basi sio kimelea. Sio kweli. Kuna jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, ya Gymnocheila, kijani kabisa cha kung'aa lakini ana miiba mwilini, anatoka mapema msimu wa joto ukianza, na Australia kuna Rutilia, nzi wakubwa wa rangi za metali wazuri ajabu, mabuu yao yanakula mabuu ya mbawakawa ardhini. Kwa hiyo kijani chenye miiba kitazame mara mbili na utafute kinundu.

Wale wa familia nyingine za vimelea ni rahisi zaidi kwa sababu maumbo yao ni ya pekee. Nzi ana manyoya laini kama pamba, mdomo mrefu umenyooka mbele kama sindano, ananing'inia hewani na akitua mabawa anayaacha wazi pembeni, huyo ni Bombyliidae, mabuu yake mengi yanaishi kwa watoto wa nyuki wapweke, wale wasioishi kwenye mzinga. Nzi anayefanana na nyigu, kichwa kipana, kiuno chembamba, tumbo limekunjwa kwa chini, ni Conopidae, jike anamvamia nyuki au nyigu na kumchoma yai tumboni, na imeonekana kwamba nyuki bambi, yule nyuki mnene mwenye manyoya mengi, aliyeshikwa na huyu anajichimbia ardhini kabla ya kufa. Mwenye kibyongo na kichwa kidogo mno kama punje kimefichwa chini ni Acroceridae, huyo wa buibui. Kichwa duara kilichojaa macho matupu na mwili mdogo mweusi ni Pipunculidae. Bapa kama amekanyagwa, kucha kali, anakimbia kiupandeupande kama kaa kwenye manyoya ya mnyama au ndege ni Hippoboscidae, na hao wengine hawana mabawa au wanayaangusha wakishampata mwenyeji, kwa hiyo usishangae ukipata nzi asiye na bawa.

Mlima wenyewe unakupa habari ambayo kwenye tambarare huipati. Madume ya nzi vimelea wengi wanapanda kileleni kungoja majike. Utamkuta mmoja kashika jiwe lake, akipita mdudu yeyote anaruka kumfukuza anarudi palepale, dakika tano baadaye yuko palepale. Ndo maana kilele kitupu cha mawe bila ua hata moja kinaweza kuwa na nzi wengi kuliko bonde lenye maua, na watafiti wengine wanapanda kwa ajili ya hicho tu. Kwa hiyo kwenye picha ya kileleni tegemea dume, macho yake yamesogeleana zaidi na kucha za miguu ni ndefu kuliko za jike. Kileleni hapohapo unaweza kubahatika kumpata Oestridae, nzi ambao mabuu yao yanaishi ndani ya wanyama kama kulungu, kondoo na farasi. Wengine wanafanana sana na nyuki bambi, ila tazama uso, mdomo karibu haupo kabisa kwa sababu mkubwa wake hali chochote, na vipapasio ni vidogo vimezama usoni. Hao kuwapiga picha ni nadra kweli, ukimpata mmoja usiondoke hadi kadi ijae.

Kwenye maua nako kuna utaratibu wake. Tachinidae wengi midomo yao ni mifupi, wanapenda maua yaliyo wazi, yale ya mwavuli ya jamii ya karoti na yale ya jamii ya alizeti. Simama kwenye kundi moja la maua ya mwavuli nusu saa bila kutembeatembea, utaona wengi kuliko ukizunguka mlima mzima. Na ua lipige picha pia, jani na ua, kwa sababu ua linakupa kipimo. Nzi kwenye picha hana ukubwa, wa milimita 5 na wa milimita 18 wanafanana, ila ukijua ua ni la upana gani unapiga hesabu.

Ukishakuwa na uhakika ni Tachinidae, wachache wanatambulika kwa picha ya kawaida. Tachina grossa wa Ulaya na Asia ni mkubwa kama nyuki bambi, mweusi tii anang'aa, kichwa cha njano na mashina ya mabawa ya njano, huwezi kumchanganya. Adejeania vexatrix wa milima ya magharibi ya Amerika Kaskazini ni wa chungwa mwenye miiba mirefu meusi na vijiti viwili virefu vimetokeza mbele ya mdomo. Cylindromyia ana tumbo refu la silinda, jekundu na jeusi. Gymnosoma ni kama mpira mdogo wa chungwa wenye madoa meusi, anawinda kunguni wa mimea, lakini huyo ukifika jenasi simama, spishi zake kwa picha ni mtihani. Gonia ana kichwa kikubwa kimevimba, jike wake anataga vijiyai vidogo mno juu ya majani, kiwavi anavimeza na jani na vinaanguliwa ndani yake.

Wa tumbo la chungwa na mstari mweusi katikati ndo wanaotesa. Tachina fera na Nowickia ferox kwa juu ni mapacha, lakini fera miguu yake kwa chini ni ya njano na ferox ni myeusi, umeona sasa kwa nini nilisema usibadilishe rangi. Peleteria naye anaingia humohumo, yeye tafuta manyoya mawili au zaidi makubwa sehemu ya chini ya shavu, kati ya jicho na uso, ndo maana nataka ile picha ya mbele. Na hata ukishasema Tachina bado kuna ndugu zake kadhaa wanaofanana na fera. Wataalamu wanawatenganisha kwa kuhesabu manyoya, yapo mangapi kifuani nyuma ya mshono, ule mstari unaokata mgongo wa kifua, kwenye pingili za tumbo yako ukingoni tu au na katikati pia, macho yana vinywele au ni matupu, kile kigamba kwenye shina la bawa ni cheusi au cha njano. Ukiwa na picha kali unaweza kuyaona mengi ya hayo, kwa hiyo kuza picha uhesabu kweli, usikadirie.

Programu za kutambua wadudu kwa picha zitumie, mie nazitumia, ila zichukue kama rafiki anayekwambia mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe. Zinalinganisha picha yako na picha ambazo tayari zipo, na nzi wengi wa milimani picha zao hazipo kabisa, sasa programu inakupa yule anayefanana naye aliyepigwa picha mara nyingi. Ikikupa jina, fungua orodha ya wanaopatikana eneo lile na uangalie kama huyo anafika huko na kwenye mwinuko ule, kisha urudi kwenye kinundu na miguu. Na ukiona jina lako halijathibitika usilipandishe hadi spishi ili tu lionekane limekamilika, rekodi ya uongo inakaa kwenye ramani miaka na mtu mwingine atakuja kuitegemea.

Kuna njia moja inayokupa zaidi ya picha ya nzi mwenyewe, nayo ni picha ya mwenyeji. Ukikuta kiwavi ana vitu vyeupe mgongoni, msogelee. Mayai ya nzi ni ya mviringo mrefu, yamegandishwa bapa kwenye ngozi, mara nyingi karibu na kichwa ambako kiwavi hafiki kuyang'oa. Vile vinavyofanana na punje za mchele vimesimama wima au vimerundikana ni vifuko vya nyigu wadogo, sio nzi. Mpige kiwavi picha, mmea anaokula upige pia, maana nzi ambaye mwenyeji wake anajulikana ana thamani kubwa kwa wanaosoma mambo haya.

Nikupe mfano wa mwisho jinsi ninavyofanya. Picha tatu, moja ya juu, moja ya ubavu, moja ya uso yenye ukungu. Juu naona chungwa na mstari mweusi, naacha. Ubavu naona kinundu kimetuna chini ya ngao, safu ya manyoya ipo, Tachinidae imeisha hiyo. Mshipa una kiwiko. Miguu kwa chini ni ya njano, kwa hiyo ferox anatoka. Shavu kwenye picha ya uso haisomeki, Peleteria siwezi kumtoa kwa hiyo picha, narudi ile ya ubavu naikuza, shavu linaonekana upande mmoja na halina manyoya makubwa, Peleteria anatoka. Macho yamesogeleana, kucha ndefu, dume. Manyoya ya kifuani siyahesabu kwa sababu bawa limeyafunika. Naandika: Tachina, jenasi tu, dume, kwenye jiwe kileleni, mita 2,140, saa nne asubuhi, jua na upepo kidogo, anarudi palepale kila akiruka.